Sindano za Kichina na Chuku za Barazani

Msomaji mpenzi, Kiswahili chetu kina neno moja lenye sura mbili, nalo ni chuku. Chuku ni ile pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ncha, ambayo wazee wetu waliitumia kumuumika mgonjwa. Fundi huiweka pembe juu ya ngozi, huivuta hewa kwa kinywa, kisha huiziba tundu kwa nta, na nyama ikavimba na damu ikajikusanya ndani. Na kupiga chuku, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kuketi barazani, ni kuyaongeza maneno, kulichukua jambo dogo na kulivimbisha mpaka likawa si lile tena. Leo nataka kusema juu ya tiba, lakini siwezi kuisema bila ya kuitaja chuku ya pili, kwa kuwa niliipiga mimi mwenyewe na aliyelipa akawa mtu mwingine.

Mwaka 2021 mgongo wangu ulinikatalia sijida. Kazi ya kalamu ni kazi ya kukaa, na mimi nimekaa zaidi ya miaka thelathini, kwanza mbele ya tapureta na baadaye mbele ya kompyuta, nikiyatunga mashairi usiku na kuzisahihisha habari mchana. Maumivu yalianza kiunoni yakateremka pajani. Nikenda hospitali, nikapigwa picha, na daktari akanambia kuwa pingili za mgongo zimelika kwa umri, akanipa vidonge na karatasi yenye michoro ya mazoezi. Vidonge nikavimeza mpaka tumbo likawaka moto. Ile karatasi ya mazoezi nikaitia ndani ya kitabu, na huko ikakaa, kama wafanyavyo wanaume wengi wa rika langu. Nikawa nasali juu ya kiti. Asiyewahi kuzuiwa sijida na mwili wake hawezi kuujua unyonge wa mtu anayeketi nyuma ya safu, akiwatazama wenziwe wakiteremka wote pamoja naye akiinamisha kichwa tu.

Ndipo jamaa mmoja akanishika mkono akanipeleka kwa tabibu wa tiba ya sindano, ile ambayo Wachina wameirithi kwa wazee wao na ambayo watu wa siku hizi huiita akupancha. Nilikwenda kwa hofu. Mtoto wa chuoni aliyelelewa kwa kiboko cha mwalimu haogopi maumivu, lakini huogopa asilolijua. Nami nilidhani sindano hizo ni kama zile za zahanati, nene na tupu ndani, zenye dawa. La hasha. Sindano ya akupancha haina tundu wala haitii kitu mwilini. Ni uzi wa chuma kisichoota kutu, mwembamba kiasi cha robo ya milimita. Ikiingia waweza usiisikie kabisa, au ukasikia kama kuumwa na mbu. Kinachosikika ni baada ya tabibu kuizungusha kidogo kwa vidole: uzito, au ganzi, au mchoto mzito unaotambaa ndani ya nyama. Wachina wana jina lao kwa hisia hiyo, na huichukua kuwa ni dalili njema. Lakini uchungu mkali wa kuchoma, au mshtuko kama wa umeme unaokwenda mpaka kidoleni, si dalili njema, na mgonjwa asiuvumilie kwa haya. Aseme, sindano irudishwe nyuma.

Tabibu alinihoji karibu nusu saa kabla ya kunigusa. Aliniuliza usingizi wangu, choo changu, chakula changu, dawa ninazotumia. Akautazama ulimi wangu, akaushika mshipa wa mkono wa kulia na wa kushoto. Kisha akanilaza, akatia sindano tisa, akaniacha dakika ishirini na tano nikiwa peke yangu na saa ya ukutani. Mtunzi hata akiwa juu ya kitanda cha tabibu ni mtunzi, na hapo ndipo nilipotunga ubeti huu, ambao nauandika hapa kwa kuwa hauna pengine pa kwenda:

Nalala kifudifudi, sindano kwenye mgongo,
Tabibu hana ahadi, hasemi neno la wongo,
Sijida je itarudi, niiname bila gongo?
Kasema: Mungu ajuwa, mimi natia sindano.

Sijida ilirudi. Baada ya safari ya tano niliweka paji la uso chini, kwa taabu kidogo, na machozi yakanitoka. Lakini niseme kweli yote, kwa kuwa ndiyo sababu ya makala haya. Tabibu yule pia alinilazimisha kuyafanya mazoezi yale yale ya daktari, asubuhi na jioni, akaniuliza kila nikienda kama nimeyafanya. Alinikataza kukaa zaidi ya saa moja bila ya kuinuka. Na maumivu ya mgongo, hata yasipotibiwa, mara nyingi hupanda na kushuka yenyewe. Basi katika nafuu yangu, kiasi gani kilikuwa cha sindano, na kiasi gani cha mazoezi, na kiasi gani cha siku kupita? Swali hilo sikujiuliza. Nilikwenda barazani.

Na barazani, msomaji, nikapiga chuku. Nikasema Wachina wameniponya kwa sindano tisa na kazi kwisha. Nikasema hospitali zimeshindwa. Mtu akaniuliza kama zinafaa kwa kiharusi, nikasema zinafaa. Akauliza mwingine juu ya sukari, nikasema, “Hata sukari.” Sikuwa na ilimu yoyote ya jambo hilo. Nilikuwa na kahawa mkononi na watu wananisikiliza.

Maneno ya baraza hayabaki barazani. Mke wangu aliyasikia kwangu, akayasema kwa jirani yetu, mama mtu mzima ambaye watoto wangu humwita Bibi, mwenye sukari ya miaka kumi na tano na miguu iliyokufa ganzi. Bibi akenda. Si pale nilipotibiwa mimi, bali mahali pengine palipokuwa karibu na kwao, ambapo sipataji. Hakuulizwa kuhusu sukari yake, wala naye hakuieleza, kwa kuwa alijua kuwa sindano zafaa kwa maradhi yote. Si mshairi amesema? Akatiwa sindano za miguu, na juu ya miguu ikawekwa taa ya joto, ambayo matabibu wengi huitumia pamoja na sindano. Mtu mwenye miguu mizima angaliuvuta mguu mara taa ilipozidi. Bibi hakusikia kitu. Aliporudi nyumbani na kuvua viatu, mjukuu wake ndiye aliyeona malengelenge. Kidonda cha mguu wa mwenye sukari si kidonda cha mtu mwingine. Baada ya wiki tano hospitali ikamkata vidole viwili.

Nilipokwenda kumtazama nilimwambia, “Mama, mimi ndiye niliyekosa.” Akanijibu, “Mwanangu, ni kadari ya Mungu, wewe hukuishika taa.” Akaniagizia chai. Sikuweza kuinywa.

Kadari ni haki, na hakuna Muislamu wa kuibishia. Lakini sisi sote tuliosoma chuoni tulifunzwa kuwa kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Basi kwa yeyote anayekusudia kwenda kwenye tiba hii kwa mara ya kwanza, na najua ni wengi, kwa kuwa viungo vyetu vinazeeka na vidonge ni ghali, nitaandika yale ambayo yalipasa kusemwa barazani siku ile.

Kwanza tujue tiba hii imetoka wapi, kwa kuwa kuna wanaoiona uchawi na kuna wanaoiona muujiza. Vitabu vya kale vya Wachina vinavyoieleza vina umri wa kiasi cha miaka elfu mbili. Waliamini kuwa mwilini mna nguvu waiitayo chi, ipitayo katika mikondo kama maji katika mifereji, na kuwa ugonjwa ni kuzibika kwa mkondo, na sindano huuzibua. Madaktari wa leo waliopasua miili hawakuiona mikondo hiyo. Walichokiona ni kuwa sindano huiamsha mishipa ya fahamu, na kuwa mwili wenyewe hutoa vitu vyake vya kutuliza maumivu, jambo ambalo limechunguzwa tangu miaka ya 1970. Hata kwao tiba hii haikuwa na heshima siku zote: mwaka 1822 mfalme wa China aliamuru isifunzwe tena katika chuo cha matabibu wa ikulu. Ilirudishiwa hadhi na serikali ya kikomunisti katika karne ya ishirini, na mwaka 2010 UNESCO ikaitia katika orodha ya turathi za wanadamu. Kwa hiyo ndugu yangu anayeniuliza kama imani yake itaharibika, namjibu hivi: mgonjwa halazimiki kuiamini chi ili atiwe sindano, kama vile mtu anayeumikwa halazimiki kuamini kila alichokisema fundi juu ya damu chafu. Akisomewa maneno asiyoyajua au akiambiwa avae hirizi, hapo ni jambo jingine, na mlango u wazi.

Sisi watu wa pwani si wageni wa Mchina. Mwambao ulimpelekea twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415, naye jeshi lake la majahazi likatia nanga huku katika karne hiyo hiyo. Mabakuli yake yamejengewa makaburini Mambrui. Na madaktari wake walifika Unguja mwaka 1964, mwaka ule ule wa mapinduzi, na mpaka leo China huwapeleka Unguja na Pemba kwa zamu. Mzee wa Kiunguja akikwambia alitiwa sindano za Kichina tangu ujana wake, usimdhanie apiga chuku.

Na chuku katika jambo hili hawakuzipiga watu wa baraza peke yao. Mwaka 1971 mwandishi mkubwa wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Peking, akapasuliwa. Siku ya pili tumbo lilimjaa na kumsumbua, akatiwa sindano za kiwiko na za chini ya magoti, akapata nafuu, akaandika. Wamarekani wakaisoma habari hiyo kwa hamu kubwa, na mwaka uliofuata rais wao Nixon naye akazuru China. Ukiwauliza watu leo, wengi watakwambia kuwa Reston alipasuliwa kwa sindano za akupancha bila ya dawa ya ganzi. Sivyo. Alipigwa dawa ya ganzi ya kawaida, kama ya hospitali yoyote, naye mwenyewe aliandika hivyo. Mwenye habari alisema kweli, waliosikia wakaivimbisha. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona nimo ndani yake.

Sasa, yafaa au haifai? Hapa ndipo panapotaka subira. Wajerumani waliwachukua wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno, wakawagawa mafungu matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Fungu moja lilitiwa sindano kwa kanuni za Kichina. La pili lilitiwa sindano za uongo, juu juu tu na mahali pasipo pake, bila ya kuambiwa. La tatu lilitibiwa kwa vidonge na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 katika fungu la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu. Itazame hesabu hiyo mara mbili, msomaji. Waliotiwa sindano walipata nafuu zaidi ya waliopewa vidonge. Hilo litamfurahisha mpenzi wa sindano. Lakini sindano za kanuni na sindano za uongo zilikaribiana mno, hilo litamnyamazisha. Utafiti mwingine uliojumlisha wagonjwa karibu 18,000, na kutolewa mwaka 2012, uliona kuwa sindano za kweli huzishinda za uongo katika maumivu sugu ya mgongo, ya shingo, ya goti na ya kichwa, lakini kwa kiasi kidogo. Mimi naelewa hivi: kulazwa, kuulizwa, kushikwa mshipa, kupumzishwa dakika ishirini na tano na mtu anayekuonea huruma, hayo nayo ni dawa, na sindano huongeza kitu juu yake. Si haba. Lakini si sukari, si saratani, si shinikizo la damu.

Basi mwenye maradhi hayo asiache dawa zake hata siku moja. Akiambiwa na tabibu wa sindano aziache, na avae viatu vyake aondoke. Na kiharusi nakitaja peke yake, kwa kuwa ndicho nilichokisemea uongo. Mtu akipinda mdomo, akalegea mkono, akakosa maneno, mpeleke hospitali saa ile ile, usimpeleke kwa fundi yeyote, wa sindano wala wa kombe. Saa za kwanza ndizo zenye faida. Sindano, kama daktari ataridhia, ni za baadaye, pamoja na mazoezi ya viungo. Na maumivu ya mgongo yaliyo pamoja na homa, au kukonda, au miguu kukosa nguvu, au mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, hayo nayo ni ya hospitali kwanza. Sindano ikiyatuliza maumivu ya namna hiyo itakuwa imeufunika moto kwa mkeka.

Ukifika kwa tabibu, mwambie yote hata asipouliza. Mwambie kama una sukari na kama miguu yako inasikia joto na baridi. Ikiwa haisikii, ikatae taa, na yakatae yale majani yanayochomwa karibu na ngozi, ya jamii ya pakanga, ambayo kwa Wachina ni ndugu wa sindano. Mwambie kama unameza dawa ya kuipunguza damu uzito. Mwambie kama una mimba au waidhania, kwa kuwa kuna sehemu za mwili ambazo matabibu wenyewe huziepuka kwa mja mzito. Mwambie kama umewekewa mashine ya moyo, kwa kuwa siku hizi kuna wanaozifunga sindano kwa nyaya za umeme mdogo. Mwambie kama uliwahi kuzimia ukichomwa sindano, ili akutie ukiwa umelala na si umeketi.

Nawe una haki ya kuuliza. Sindano iwe mpya, ndani ya karatasi iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako, na ikitoka mwilini itupwe katika chombo kigumu, isirudi kwa mtu mwingine. Usiambiwe imechemshwa. Homa ya ini na ukimwi havitofautishi damu ya Mchina na ya Mswahili, na neno hili liwafikie mafundi wetu wa kuumika pia, kwa kuwa nimeona wembe mmoja ukizunguka migongo mitatu, na kila mmoja akisema ni sunna. Muulize tabibu alisoma wapi na kwa muda gani. Karatasi ya kaunti ya kuruhusu biashara, hata iwe imetiwa kioo na kutundikwa, si shahada ya utabibu. Muuza vitunguu anayo pia. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili na tiba mbadala, lakini kutambuliwa kwa tiba hakumfanyi kila mwenye sindano kuwa tabibu. Muulize bei ya safari moja, na ya safari zote, kabla ya kulala, usije ukauliza umekwisha kulala na sindano zi mgongoni.

Usende na njaa wala usende umeshiba kupita kiasi. Kula kidogo, saa moja au mbili kabla. Vaa nguo pana. Mwanamume kikoi chatosha. Mwanamke ana haki ya kutaka tabibu mwanamke, na kufunuliwa pale panapotiwa sindano tu na kwingine kufunikwa leso, na kuwa na mwenziwe chumbani. Asione haya kulisema, na tabibu anayechukizwa na ombi hilo hafai. Ukitoka unaweza kusikia usingizi, au wepesi wa kichwa, au maumivu kuzidi kidogo siku ya kwanza, au ukaona alama ya damu iliyovilia, hayo hupita. Lakini ukiwa ulitiwa sindano za kifua, za bega au za juu ya mgongo, kisha pumzi ikawa fupi au kifua kikachoma, hata ikiwa ni baada ya saa kadhaa, nenda hospitali usingoje asubuhi. Ni nadra, lakini sindano ikiingia ndani mno huweza kulitoboa pafu.

Mengi huulizwa kuhusu ibada. Katika madhehebu yetu ya Shafi kutokwa na damu hakutengui udhu, lakini kuguswa ngozi kwa ngozi na asiye maharimu kunautengua, basi mwanamume aliyetibiwa na mwanamke, au kinyume chake, ajue atie udhu upya. Kuumikwa katika Ramadhani hakubatilishi saumu kwetu, ingawa ni karaha kwa kuwa humdhoofisha mtu. Kwa Mahanbali kunaibatilisha. Ama sindano isiyotia chakula wala dawa, iingiayo nyamani tu, wanavyuoni wengi wa siku hizi wamesema haifunguzi. Mwenye shaka amuulize sheikhe wake. Lakini mimi nasema, si kwa fikihi bali kwa ajili ya mwili, yangoje mpaka baada ya futari. Mtu mwenye njaa akitiwa sindano huweza kuzimia, na hakuna haja ya mtu kuanguka na saumu yake.

Jambo la mwisho ni hesabu, ambalo sisi watu wa pwani hatulipendi. Kabla ya kuanza, andika jambo moja unalolitaka: kupanda ngazi ya msikiti, kulala usiku bila ya kuamka, kusujudu. Kubaliana na tabibu idadi ya safari, sita au nane. Kila wiki andika. Zikimalizika na hakuna kilichobadilika, mshukuru, uondoke. Tabibu wa kweli atakwambia hivyo mwenyewe. Anayekwambia kila mara bado safari kumi, huyo anatibu mfuko wake.

Bibi sasa anatembea kwa kiatu alichoshonewa, na kila Ijumaa nampelekea kitu kidogo, naye hunikalisha. Barazani nimerudi. Juzi mzee mmoja aliyeumwa goti aliniuliza, “Zile sindano zako bado zafanya kazi?” Nikamuuliza kama ana sukari. Akasema hana. Nikamuuliza lini alipima. Nikamuuliza dawa anazotumia, na kama daktari amelitazama goti, na kama lilivimba au lina joto. Akaiweka chini kahawa yake akanitazama. “Bwana,” akasema, “tulikuwa na mshairi hapa. Wewe siku hizi umekuwa karani wa hospitali.”